Darubini ya Bunduki na Ukaidi wa Skrubu Ndogo

Darubini ya bunduki ni bomba la alumini lenye vioo na alama ya msalaba ndani yake. Sehemu inayoshikwa na pete huwa na kipenyo cha inchi 1, au milimita 30, au 34. Kuifunga kunahitaji reli, pete mbili na skrubu chache zisizozidi ukucha kwa ukubwa. Kwa kuwa kazi yenyewe inaonekana nyepesi, wenye bunduki wengi huifanya jioni mezani, baada ya kula, kwa bisibisi iliyozoea kufungua redio. Matokeo yake huonekana uwanjani, mbele ya watu.

Jambo la kwanza halina utani: risasi zote hutolewa, chemba hukaguliwa kwa jicho na kwa kidole, na komeo la bunduki huwekwa kando. Baada ya hapo reli na nyuzi za skrubu hufutwa mafuta, reli hukazwa, na nusu za chini za pete huwekwa mahali pake.

Kisha huja suala la umbali kati ya jicho na kioo cha nyuma, ambao kwa darubini nyingi ni karibu sentimita 9. Makosa ya hapa huacha alama usoni. Mhusika hupima akiwa ameketi kitini, shingo imenyooka kama anayepigwa picha ya pasipoti. Siku ya kulenga hulala kifudifudi, kichwa kikasogea mbele bila yeye kujua, naye akafyatua. Bunduki hurudi nyuma, na ukingo wa darubini humchora mwezi mwandamo juu ya nyusi. Kesho yake kazini ataeleza kwamba alijigonga mlangoni. Wenye bunduki wenzake hawatauliza zaidi. Wengi wao wana mlango kama huo. Dawa ni kupima umbali huo katika mkao uleule utakaotumika kulengea, darubini ikiwa imewekwa kwenye ukuzaji wake wa juu kabisa.

Kunyoosha msalaba ndiko kunakotenganisha watu. Risasi huanguka njiani, kwa hiyo mlengaji wa mbali huzungusha kifundo cha juu cha darubini ili kufidia anguko hilo. Bunduki ya kaliba .308 ikilenga shabaha iliyo mita 900 huhitaji kufidiwa takriban mili 10 au zaidi. Mili 1 ni sentimita 10 katika mita 100, hivyo katika mita 900 ni sentimita 90, na mili 10 ni mita 9 nzima. Kama msalaba umeinama digrii 3 tu, sehemu ya fidia hiyo inakwenda pembeni: karibu sentimita 47. Digrii 3 ni kidogo mno kwa jicho lililochoka. Ndiyo maana mwenye darubini iliyopinda huulaumu upepo kwanza, kisha risasi, kisha kiwanda cha risasi. Darubini huja mwisho kabisa kwenye orodha ya watuhumiwa, kwa kuwa aliyeifunga ni yeye mwenyewe.

Pima maji ndogo huwekwa juu ya reli, bunduki ikiwa imebanwa imara, hadi povu litulie katikati. Wengi huweka ya pili juu ya kofia ya kifundo cha darubini, wakaridhika. Hapo kuna mtego: hakuna dhamana kwamba kofia hiyo imelingana na msalaba ulio ndani. Kilicho salama zaidi ni timazi, ileile ya fundi mwashi. Huning'inizwa mita 20 au 30 mbele ya bunduki, na mstari wa wima wa msalaba ukazungushwa hadi ulale juu ya uzi. Upepo ukiisumbua, uzito wa timazi huzamishwa kwenye ndoo ya maji, ukatulia. Jirani atakayepita na kuona ndoo, uzi na bunduki mezani ana haki ya kupewa maelezo kabla hajamwita mjumbe.

Kila kitu kikishanyooka, kilichobaki ni kukaza, na kukaza ndiko kunakoharibu. Skrubu za upande mmoja zikikazwa kwanza, pete hulivuta bomba na kuligeuza kidogo, nayo kazi ya timazi imepotea. Skrubu hukazwa kwa zamu na kwa mshazari, robo mzunguko kila moja, huku nafasi kati ya nusu mbili za pete ikibaki sawa pande zote. Kwa pete nyingi kipimo ni takriban nyutoni-mita 2, na kijitabu cha pete ndicho chenye neno la mwisho. Fundi mwenye misuli huamini kwamba nguvu ikizidi ndiyo usalama. Bomba la alumini halikubaliani naye: hubonyea, na vifundo huanza kukwama.

Yapo pia matatizo ya lugha mbili katika nyumba moja. Darubini nyingine zina msalaba uliogawanywa kwa mili na vifundo vinavyohesabu dakika za pembe, ambapo dakika 1 ni karibu sentimita 2.9 katika mita 100. Mwenye nayo husoma mili, akazungusha dakika, kisha akashangaa. Ni heri kununua iliyo ya kipimo kimoja tangu mwanzo.

Kurekebisha shabaha huanzia karibu, mita 25, kisha 100, kwa kundi la risasi tatu au zaidi kabla ya kugusa kifundo. Anayerekebisha baada ya kila risasi huifukuza karatasi nzima bila kuikamata. Halafu hupigwa mstari wa wima kwenye karatasi ndefu kwa kutumia timazi, na kifundo huzungushwa mili 10: katika mita 100, matundu yapande mita 1 kamili juu ya mstari huohuo.

Umuhimu wa mfungaji si jambo la leo. Mwaka 1860, Malkia Victoria wa Uingereza alifungua mashindano ya kulenga shabaha kule Wimbledon kwa bunduki ya Whitworth, akaigonga shabaha karibu na kitovu kutoka yadi 400. Bunduki ilikuwa imefungwa na kulengwa tayari juu ya kiegemeo. Yeye alivuta kamba ya hariri tu. Kazi yote ilikuwa ya mfungaji.

Hata hivyo, kwa anayelenga mita 100 bila kugusa kifundo chochote, msalaba ulioinama digrii chache hausababishi kosa linaloonekana. Ndiyo maana wapo wengi wenye darubini zilizopinda, nao wanaishi kwa furaha kabisa.