Jinsi ya Kumshawishi Bosi Asiye na Meno Ale Nyama

Kama nyumbani kwako kuna bosi wa miezi saba au minane anayelala atakapo, anayeamsha watu saa nane usiku, na ambaye akiletewa uji wenye unga wa dagaa hufumba mdomo na kugeukia ukutani, mwongozo huu ni wako. Bosi wa namna hii hatishiki wala hahongeki. Hoja anaisikia, ila iletwe taratibu, na kesho iletwe tena.

Jua kwanza kwa nini hupaswi kukata tamaa. Maziwa ya mama bado ni chakula chake kikubwa, na aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Lakini akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huanza kuisha akikaribia miezi sita, na maziwa peke yake hayaijazi. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au mayai kila siku. Uji mtupu wa mahindi utamshibisha, utamnyamazisha, na hautamjenga.

Kazi ya kwanza ni kumnyang'anya supu. Katika nyumba nyingi nyama ikichemshwa, wakubwa wanagawana minofu na mtoto anapewa mchuzi, eti ndio wenye nguvu. Supu inanukia vizuri, lakini protini na madini ya chuma kwa sehemu kubwa vimebaki kwenye mnofu, na mnofu umeliwa na baba. Geuza mgawo. Chemsha nyama isiyo na mafuta mengi mpaka ichanike kwa vidole, isage kwenye blenda au itwange kwenye kinu kidogo, kisha ichanganye na ndizi au viazi vilivyopondwa. Baba anywe supu. Ini ni rahisi zaidi kwa sababu linapondeka upesi, ila lina vitamini A nyingi mno. Kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha.

Asiye na hela ya nyama asijione maskini wa protini wakati dagaa wapo sokoni. Hapa nakuomba subira, maana dagaa walioandaliwa vibaya ndio huwafanya watoto wakatae. Dagaa wa Mwanza wengi huanikwa mchangani. Wachambue kwa kutoa vichwa na matumbo, waoshe kwa maji ya vuguvugu, mwaga, osha tena, mpaka ukipitisha kidole chini ya bakuli usiguse hata chembe ya mchanga. Wakaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta, moto mdogo, huku unageuza, mpaka ukimvunja mmoja alie kacha. Twanga, chekecha kwa chujio laini, weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Siku ya kwanza weka ncha ya kijiko tu kwenye uji mzito au mboga iliyopondwa. Akizoea, ongeza mpaka kijiko cha chai. Ukiwapika na nyanya harufu inapungua, na vitamini C ya nyanya inausaidia mwili kufyonza chuma. Chai ya rangi inafanya kinyume chake, kwa hiyo asipewe kabisa.

Sasa atatema. Atakunja uso kana kwamba umemtukana, atasukuma chakula kwa ulimi, na shati lako litapata protini kuliko yeye. Uso uliokunjwa maana yake ni kwamba kitu ni kigeni, hukumu bado. Watoto wengi huhitaji kuonja chakula kipya mara nane, kumi au hata zaidi kabla ya kukikubali, na wazazi wengi wanaacha kwenye ya tatu. Kwa hiyo mpe kidogo sana, pembeni ya kitu anachokipenda, akiwa na njaa kiasi na hana usingizi. Mkalishe mkekani wenzake wanapokula. Mtoto akiona kaka yake anatafuna samaki, mkono unaenda wenyewe. Toa miiba kwa vidole vyako, mpe ajaribu.

Kinachokatazwa ni kumbana pua ili afungue mdomo. Naisema bila mzaha wowote: chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na mtoto anaweza kufa mikononi mwa mtu anayempenda. Akigeuza kichwa, amemaliza. Kazi yako ni kuleta chakula kizuri. Kiasi gani kiingie tumboni, anaamua yeye.

Yai nalo lina maadui. Wapo wanaosema mtoto akila yai atachelewa kuongea, wengine kwamba atakuwa mwizi. Yai moja lina protini kama gramu 6, na mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji takribani gramu 11 kwa siku. Tumnyime sehemu kubwa kiasi hicho kwa sababu ya uvumi? Lichemshe mpaka kiini kigande, liponde lote na maziwa ya mama, anza na kijiko cha chai. Vyakula vipya mpe kimoja kimoja, asubuhi, ili ukiona midomo imevimba, vipele vimetoka au anapumua kwa shida, ujue chanzo na umkimbize hospitali.

Karanga nzima hapewi mtoto wa chini ya miaka mitano, maana zinaweza kumkaba. Zisagwe ziwe laini kabisa, na zilizoota ukungu zitupwe kwa sababu ya sumukuvu. Maharage yaloweke usiku kucha, yamenye ganda baada ya kuiva, ponda. Na unga wa lishe wenye nafaka kumi hauna ajabu yoyote. Nafaka moja, kunde kidogo na dagaa vinaushinda. Uji wenyewe usimiminike kama maji, bali ukae kwenye kijiko ukikiinamisha.

Kadi ya kliniki isilale kabatini. Mtoto anayechagua chakula lakini mstari wake wa uzito kwenye kadi unapanda na anacheza, endelea naye hivyo hivyo. Yule ambaye uzito umesimama au unashuka, miguu imevimba na ukiibonyeza panabaki shimo, nywele zinafifia na kunyonyoka, au anakataa hata ziwa, huyo mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.