Laiti Ningekuwa Barua

Ofisi za umma zina viumbe wa aina mbili: watu na barua. Barua ikifika hugongwa muhuri, hupewa kumbukumbu namba, huingizwa kwenye jalada na kupelekwa kwa mkubwa. Mtu akifika huoneshwa benchi.

Mimi ni mtu, ndiyo maana hati ya kiwanja changu haijatoka mpaka leo. Ofisi yenyewe siitaji, bado nina shida nao. Kijana wa dirishani ana adabu kweli: "Shikamoo, mzee wangu. Jalada bado halijaonekana. Ungepitapita wiki ijayo." Nimepitapita hadi mlinzi wa getini ananiulizia wajukuu. Kama shikamoo zingekuwa zinatoa hati, leo ningekuwa na mtaa mzima.

Mstaafu mmoja wa serikali, mwenzangu wa kijiwe cha kahawa, kachoka kunisikiliza. "Mdogo wangu, muuza kahawa atakusaidia nini? Nenda Tume."

Akanipa historia ambayo sikumwomba. Enzi za Mwalimu, mwaka 1966, iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyozunguka mikoani kusikiliza wananchi walioonewa na wenye madaraka. Mwaka 2001 nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kulalamika huko ni bure. Kwa bei ya hati yangu hadi sasa, neno hilo lilinikaa vizuri.

Ila nao wana masharti. Wanataka kujua nani, wapi, lini, hatua gani umeshachukua, na nakala za vielelezo. Mimi malalamiko yangu yana machozi, wao wanataka tarehe! Tena shauri likiwa mahakamani hawaligusi. Na ukitaka kumlalamikia Rais, sheria imewafungia mlango. Rais sina ugomvi naye. Mimi shida yangu iko dirishani.

Malalamiko yakishapokelewa, Tume humwandikia mkuu wa ofisi husika atoe maelezo. Barua hiyo, anavyosimulia mstaafu wangu, haipitipiti. Mkuu anaandika pembeni "Andaa majibu haraka", inashuka ngazi kwa ngazi, inatua mezani kwa yule yule kijana wa shikamoo.

"Yaani mtuhumiwa ndiye anayejiandikia utetezi?" nikapandisha sauti.

"Ndiyo. Lakini 'jalada halijaonekana' ni maneno ya mdomoni. Nani atathubutu kuyaweka kwenye karatasi na sahihi chini?"

Maelezo yakirudi, mlalamikaji naye hupewa nafasi ya kuyajibu. Yakigongana, wachunguzi wana mamlaka ya kuita mashahidi na kudai nyaraka. Hapo ndipo majalada yaliyozama huibuka, makavu kabisa, kutoka kabati lile lile lililokuwa limepekuliwa.

Halafu, baada ya jasho lote hilo, Tume hutoa mapendekezo. Mapendekezo! Hata mke wangu hunipa mapendekezo, na bado natoka na shati ninalolitaka mimi. Wanakijiji wa Nyamuma, kule Serengeti, waliondolewa kwa nguvu kwenye makazi yao mwaka 2001. Tume ilichunguza, ikapendekeza walipwe fidia; serikali ikagoma. Ikabidi Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiende mahakamani kuomba mapendekezo yatekelezwe, na safari ikafika hadi Mahakama ya Rufani. Kumbe hata karatasi huoneshwa benchi, ikikutana na mkubwa wa kutosha.

Lakini dirisha langu si serikali nzima. Nimeandika. Nimeweka "YAH:" kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake, nikaambatanisha risiti zote, hata zile zilizofifia mpaka zinasomeka kwa imani. Kabla ya kuituma, nakala moja nikaipeleka kwa kijana wangu, kwa taarifa.

Aliisoma akiwa amekaa, akaimaliza akiwa amesimama.

"Mzee wangu," akasema, "si ungesema mapema kwamba jambo lenyewe ni zito hivi?"

Kusema nilisema, mwanangu. Nilisema mpaka koo likakauka. Tatizo nilikuwa nasema kwa mdomo.