Sifa za Kirusi cha Homa ya Mafua

Wapo waliotungiwa tenzi kwa kuteka mji mmoja tu. Kirusi cha homa ya mafua hakijaambulia hata ubeti, ilhali mwaka 1918 kiliizunguka dunia nzima. Hata kwetu hakikutusahau: Septemba mwaka huo kilishuka kwa meli bandarini Mombasa, kikapanda garimoshi kwenda bara. Mamilioni waliokufa duniani hawakuulizwa maoni yao kuhusu ziara hiyo.

Na mshindi huyo ni maskini wa kutupwa. Mali yake yote ni vipande vinane vya vinasaba. Hata kuzaa hakiwezi chenyewe. Huingia katika seli za koo lako na kuziagiza zikizalie, nazo hutii bila kudai posho. Nionyesheni shughuli nyingine nchini inayokwenda bila posho.

Kwa elimu nacho ni mkarimu. Mwaka 1933 watafiti wa London walikuwa wakikisaka kwa kuwaambukiza wanyama wadogo wa jamii ya kicheche. Mnyama mmoja mgonjwa akampigia chafya usoni Wilson Smith, mmoja wa watafiti hao, naye akaugua. Ushahidi gani tena mtu autake? Kirusi kilichopatikana kwake kikapewa herufi za jina lake, WS.

Tangu hapo kimekuwa mheshimiwa. Kwa kuwa hubadili kanzu mara kwa mara ili askari wa mwili wasikitambue, Shirika la Afya Duniani huita wataalamu mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, wakadirie msimu ujao kitatoka kimevaa nini. Mamilioni ya mayai ya kuku hutolewa kutengenezea chanjo ya kuikabili kanzu hiyo.

Lakini sifa nyingine ni zetu wenyeji. Julai, abiria wa daladala Mbeya hufunga madirisha yote eti baridi isiwaletee mafua, nacho kirusi kimo humo humo, kinapita pumzi hadi pumzi. Konda anakoholea kiganjani, kiganja hicho hicho kinarudisha chenji. Mgonjwa anakwenda dukani kununua rangi mbili, dawa ya bakteria isiyokihusu kirusi hata kidogo, anaimeza kwa imani na kurudi kazini.

Adui mkorofi wa kirusi ni chanjo hiyo. Bega huuma siku moja au mbili, na baada ya kama wiki mbili mwili umeshakariri sura ya mgeni. Haizuii kila maambukizi, ila hupunguza makali, jambo la kumvunjia mtu heshima. Na ina wivu: huwatanguliza wajawazito, wazee, watoto wadogo, wenye pumu na kisukari, wale wale ambao kirusi huwapenda kupita kiasi. Afadhali zahanati zetu nyingi hazina chanjo hiyo. Afadhali pia wapo wanaoapa kwamba sindano ndiyo inayoleta mafua. Sindano hiyo haina kirusi hai, lakini zaidi ya kirusi, ni mshtakiwa gani aliyewahi kupata mawakili wengi hivyo bila kulipa hata senti?

Maadui wengine ni sabuni, dirisha lililo wazi na chafya iliyopigiwa kwenye kiwiko. Mkatili kuliko wote ni bosi anayemwambia mfanyakazi mwenye homa abaki nyumbani mpaka apone, mshahara wake usiguswe. Bahati nzuri, mabosi wa namna hiyo hawajawa wengi.