Namna ya Kumpokea Mgeni Mwenye Picha ya Twiga Asiye na Kichwa

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya lilikuwa linakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Upande wa kulia, dirishani, alikaa dada mmoja na simu yake mkononi. Twiga akatokea. Basi halikusimama, dada akabofya hivyo hivyo. Mtandao uliporudi, picha ikaingia kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda picha wa Kilosa na Mikumi. Shingo ilikuwepo, miguu yote minne ilikuwepo, kichwa kilibaki nje. Kifuani mwa twiga kilionekana kivuli cha vidole vya dada mwenyewe, kimerudishwa na kioo. Chini aliandika: "Habari za asubuhi wapendwa. Mimi mgeni humu. Leo nimempata twiga wangu wa kwanza!"

Tulisoma wengi. Hakuna aliyejibu. Baada ya saa nzima mkongwe mmoja akauliza, "Unatumia kamera gani?" Mwingine akatupia stika ya mtu aliyejishika kichwa. Jioni yakatokea yale maandishi madogo ya kijivu: mwanachama amejitoa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosoma wakanyamaza, na mwongozo huu ni deni langu kwake. Ufuate kama mpishi anavyofuata pilau: vitunguu kwanza, mchele baadaye. Anayeruka hatua ataunguza sufuria, na safari hii kitakachoungua ni moyo wa mtu.

Mahitaji

Simu yenye chaji. Bando la kutosha ujumbe mmoja. Macho mawili. Ulimi usio na haraka. Muda wa kupika ni dakika mbili. Chakula hiki kinatosha mtu mmoja, ila huyo mmoja akishiba atawalisha wengine kumi.

Hatua ya 1: Itikia hodi

Kwetu mtu akifika mlangoni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa hata ya tatu, hugeuza miguu akarudi alikotoka, na hakuna wa kumlaumu. Picha ya kwanza ya mgeni ni hodi. Huwezi kuwa ndani, sufuria linachemka, watoto wanacheka, sauti zinasikika mpaka barabarani, halafu umwache mtu mlangoni eti kwa sababu hodi yake imepigwa kwa mkono unaotetemeka.

Basi jibu. Kama ni mdogo wako amekusalimu "shikamoo kaka", sema marahaba kabla ya neno lolote kuhusu picha. Kama ni mkubwa wako, anza wewe, hata kama unajua kamera kumliko. Anayejua lenzi haachi kuwa mdogo kwa umri, na mzee aliyestaafu reli akaanza kupiga picha akiwa na miaka 60 hapaswi kuitwa "mwanafunzi" na kijana wa miaka 22.

Neno "karibu" peke yake linatosha kwa dakika ya kwanza. Usisubiri upate la maana zaidi. Wengi tulionyamaza siku ile tulikuwa tunasubiri hilo la maana zaidi.

Hatua ya 2: Tazama picha kabla ya kuuliza kamera

Ikuze picha kwa vidole viwili. Pitia kona zote nne. Tafuta kitu kimoja ambacho mgeni amekiona vizuri, kisha ukitaje kwa jina lake. "Picha nzuri" ni salamu ya kupita njiani, kila mtu ameshaambiwa. "Umemkamata mguu ukiwa hewani, anaonekana anatembea kweli" ni ushahidi kwamba umesimama ukatazama.

Picha ya yule dada niliitazama vizuri siku mbili baada ya yeye kuondoka. Nilipoikuza nikaona kitu katikati ya shingo ya twiga, nikadhani ni uchafu wa kioo. Alikuwa ndege mla kupe, mdomo mwekundu, amejibana kwenye manyoya kama fundi aliyepanda nguzo ya umeme. Basi lilikuwa linakimbia, simu ilikuwa ya kawaida, na bado ndege yule alitoka wazi kabisa. Kundi zima halikumwona, kwa sababu tulikuwa tunatafuta kichwa ambacho hakikuwepo.

Hatua ya 3: Toa ushauri mmoja, unaofanyika kesho

Mgeni hawezi kubeba mizigo saba kwa safari moja. Ukimwambia habari za mwanga, pembe, rangi, lenzi, mpangilio na uhariri kwa pumzi moja, ataondoka na uzito tu. Chagua kosa moja ambalo akilirekebisha, picha yake ijayo itabadilika palepale, na umpe tiba anayoweza kuijaribu kwa kifaa alichonacho. Hapa kwetu tiba zenyewe zinajulikana.

Picha ya dirisha la basi imejaa vivuli? Mwambie agusishe simu na kioo kabisa, azime fleshi, na akiweza ajikinge kwa ncha ya kanga au koti ili mwanga wa ndani ya basi usirudi kwenye kioo. Mnyama katoka na ukungu? Afute kwanza kioo cha kamera kwa kitambaa laini, maana vumbi la Kilosa haliulizi simu ni ya bei gani.

Twiga amekatwa kichwa? Ashike simu wima, kwa kuwa twiga ni mnyama wa wima, na apige picha nyingi mfululizo kwa kubonyeza na kushikilia. Wanyama wamekuwa weusi mbele ya anga jeupe? Simu nyingi zinakubali uguse skrini juu ya mnyama mwenyewe, kisha upandishe mwanga kwa kidole. Picha imepauka kama kitambaa kilichoanikwa juani wiki nzima? Mikumi iko kama nyuzi 7 tu kusini mwa Ikweta, na jua la saa sita hukaa utosini likafuta vivuli vyote vinavyompa mnyama umbo. Arudi kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, aone nyasi za tambarare ya Mkata zinavyogeuka rangi ya asali.

Na kama mgeni ana kamera yenye lenzi ndefu na kila picha imetikisika, mpe kanuni ya wakongwe: kasi ya shata isipungue namba ya urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 300 inataka angalau sehemu moja ya 300 ya sekunde, na ndege anayeruka anataka haraka zaidi ya hapo. Mpe hiyo moja, nyingine ziwe za wiki ijayo.

Hatua ya 4: Lenzi yako iache begani

Najua umeinunua kwa jasho. Najua ni nzito kama mtoto wa miezi sita na ina kofia yake ya jua. Lakini mgeni anapoulizwa "kamera gani?" kabla ya lingine lolote, anasikia "umekuja na shilingi ngapi?" Akiwa na simu ya mkopo, hapo ndipo anapotafuta mlango.

Mkumbushe habari za mpiga picha Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na akiwa bado mwanafunzi akaanza na kamera ya sanduku aina ya Brownie iliyokwishatumika. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapo hapo Dar es Salaam. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliufanya ulimwengu ufungue mifuko. Vifaa vikubwa vilimfuata baadaye. Kilichotangulia ni mtoto mwenye sanduku, na watu waliomwacha akae karibu atazame kazi inavyofanyika.

Hatua ya 5: Utani usubiri undugu

Mzaramo akimtupia Mnyamwezi maneno makali katikati ya msiba, watu wanacheka na marehemu anazikwa kwa amani, kwa sababu pande zote mbili zinaujua mkataba wa mababu. Utani bila mkataba huo ni tusi lenye meno nje. Mgeni aliyeingia jana hajui nani kwenye kundi ni mtani na nani ni adui. Stika ya mtu aliyejishika kichwa, ambayo mwenzako wa miaka mitano ataicheka na kukurudishia mbili, kwake ni kofi mbele ya watu 200 asiowajua.

Mtanie siku atakapoanza kukutania yeye. Siku hiyo itafika, na nakuhakikishia haitachelewa kama umetimiza hatua ya kwanza hadi ya nne.

Hatua ya 6: Yenye hatari yaseme, ila yaseme pembeni

Ukarimu si kunyamazia kila kitu. Yapo makosa ambayo hayangoji mtu azoee. Mgeni akionyesha picha aliyopiga akiwa ameshuka garini katikati ya hifadhi, au nyani anayekula ndizi kutoka mkononi mwake, lazima aambiwe siku hiyo hiyo. Nyani aliyezoeshwa chakula cha watu huishia kuvamia magari na majiko.

Akitaja mahali hasa alipowaona tembo na saa alipowaacha, mwombe aondoe. Mweleze sababu ili asidhani unamwonea wivu: sensa ya tembo katika ikolojia ya Selous na Mikumi ilihesabu 38,975 mwaka 2009, na ile ya 2013 ikahesabu 13,084. Waliopungua hawakuhama. Walichinjwa kwa ajili ya pembe, na jangili naye ana simu.

Akipiga picha ya mfugaji mnadani au ya mama anayeuza nyanya stendi, muulize kama aliomba ruhusa. Taifa letu lina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kabla ya sheria kulikuwa na heshima. Akitaka kupiga picha za reli au daraja, atangulie kwa mkuu wa stesheni, amwambie shida yake, apewe jibu.

Hayo yote mwandikie faraghani na umwite kwa jina. Anayekosolewa mbele ya watu hujifunza kujificha. Anayeitwa pembeni hujifunza lile kosa.

Hatua ya 7: Siku ya tatu mpe jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wanausoma usemi huu kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi nauona pia kama upole wa hali ya juu: mtu hawi mwenyeji mpaka apewe kazi ya nyumba ile.

Basi mpe kazi. Wiki hii apige mikumi, ile mivumo mirefu iliyoupa mji jina, ikiwa nyeusi mbele ya jua la kuchwa. Wiki ijayo mistari ya mkonge ya Kimamba. Kama anaishi Kilosa mjini na ameshapewa ruhusa, mwache atafute namna ya kuonyesha reli mbili za nyakati mbili: ile ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, na hii ya kisasa ya umeme, iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024 na ambayo hupenya milima ya Kilosa kwa mahandaki. Mwenyeji wa pale anajua jua linagusa wapi saa ngapi. Kwa somo hilo yeye ndiye mwalimu, na wenye lenzi ndefu kutoka Dar es Salaam wakae chini wasikilize.

Kisha mwache achague mada ya wiki yeye mwenyewe. Kijana mmoja anayeuza miwa stendi ya Mikumi alichagua "mikono". Picha 31 ziliingia, na nyingi zilitoka kwa watu ambao hawakuwahi kutupia kitu kwa mwaka mzima.

Utajuaje kama imeiva

Kijana huyo huyo wa miwa aliingia kwetu na picha ya usiku, nyeusi tii, taa moja ya lori ikielea gizani. Safari hiyo tulikuwa tumejifunza. Akaitikiwa, akaambiwa taa ile imekaa pazuri, akapewa ushauri mmoja: aegemeze simu kwenye meza yake ya miwa ili isitikisike, atumie kihesabu cha sekunde tatu badala ya kubonyeza kwa kidole.

Miezi miwili baadaye mama mmoja wa Rudewa akatupia picha ya jiko lake alfajiri, giza tupu na makaa mekundu. Nilishika simu nianze kujibu. Kabla sijamaliza neno la kwanza, jibu la kijana likawa limeshafika: "Shikamoo mama, karibu sana. Hayo makaa yametoka vizuri mno. Kesho egemeza simu kwenye ukingo wa meza, weka sekunde tatu, halafu utuonyeshe."

Nikafuta nilichokuwa nimeandika. Nyumba ilikuwa imepata mwenyeji mwingine.

Nawe dada wa dirisha la kulia, kama maneno haya yatakufikia popote ulipo: nimemwona ndege wako. Hodi yako imechelewa kuitikiwa. Karibu.