Barua ya Wazi kwa Gavana: Mtaa wa Stesheni ya Zamani, Voi

KWA: Mheshimiwa Gavana, Kaunti ya Taita Taveta
KUH: OMBI LA KUUHIFADHI MTAA WA ZAMANI WA VOI

Mheshimiwa,

Najua mezani pako pana faili za maji, barabara na ndovu wanaovamia mashamba. Niwie radhi kwa kuongeza nyingine.

Kwa ruhusa yako, Mheshimiwa, nieleze tulikotoka. Mlima Sagalla, ambao wasafiri wa kale waliuita Ndara, ulikuwa kituo cha misafara iliyotoka Mombasa kwenda Taveta na Uchagani. Mmisionari Johannes Rebmann alipita njia hiyo 1848. Reli ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1890, shughuli zilihamia bondeni, kwenye stesheni ya Voi. Wahindi walifungua maduka. Waswahili, Wakamba, Wajaluo, Waluhya na Wasomali wakafuata kazi na biashara.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta reli ya Taveta, pamoja na askari ambao baadhi yao wamezikwa hapa Voi. Mwaka 1915, wakati wageni wakimiminika, ndugu zetu wa Kasigau walishukiwa kuwasaidia Wajerumani, wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi. Ndiyo maana nasema kwa unyenyekevu kwamba historia ya mji huu ni ya waliopokewa na ya waliong'olewa. Ikisimuliwa nusu, kuna watu watakaoonekana kama hawakuwahi kuishi hapa.

Tangu 2017 abiria wa treni ya Madaraka Express wanashukia stesheni mpya, na biashara imewafuata. Hatupingi maendeleo, Mheshimiwa. Watoto wetu wanayahitaji. Tunachohofia ni nyumba za zamani kubomolewa kabla hazijapigwa hata picha.

Kwa taadhima kubwa, naomba mambo matatu. Kwanza, maduka na nyumba za reli zikaguliwe pamoja na Makumbusho ya Taifa, kwa kuwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inaruhusu majengo ya kihistoria kulindwa. Pili, wazee wa jamii zote wahojiwe na kurekodiwa, kila mmoja kwa lugha aliyoizoea, na waliorudi kutoka Malindi wasikizwe kupitia wajukuu wao. Tatu, wakazi na wapangaji waitwe barazani kabla ramani yoyote ya ujenzi haijaidhinishwa.

Majengo yanaweza kusubiri kidogo, wazee hawawezi. Ikikupendeza, Mheshimiwa, kazi ya kuwarekodi ianze mwaka huu wa fedha.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Ndara