Huyu "Ziri" Ndiye Nani?

Mkurugenzi wetu hakuwa na habari na malalamiko ya watazamaji mpaka siku mama yake mzazi alipopiga simu kutoka kijijini. "Mwanangu, huyu ziri wa maji ndiye nani?" Mkurugenzi akaja mbio chumba cha grafiki, simu ikiwa bado sikioni. Kwenye skrini zetu bapa maandishi yalikuwa yametulia: WAZIRI WA MAJI, meupe juu ya buluu. "Mama, mbona hapa yanasomeka vizuri?" Mama akamjibu kwamba yeye hakai hapo.

Mchawi alikuwa runinga ya chogo. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, lakini chogo hazikuzimika. Zilichomekewa ving'amuzi, kazi ikaendelea. Sasa picha yetu ni 16 kwa 9, na chogo ni 4 kwa 3. King'amuzi kikipangwa kijaze kioo, hukata kushoto na kulia, na robo nzima ya upana inapotea. Tena chogo lenyewe huficha kingo za picha nyuma ya fremu, ndiyo maana mafundi wa zamani walifundishwa kubakiza maandishi ndani ya asilimia 80 ya picha. Vijana wetu hawajawahi kuliona chogo likiwaka, watajulia wapi?

Amri ikatoka: astoni zote zikae katikati. (Ndivyo tunavyoviita vile vibandiko vya majina, kwa jina la mashine moja ya Uingereza, Wamarekani nao husema chyron, ambalo pia ni jina la kampuni.) Kijana wa zamu akatii kuliko alivyoagizwa, akazipandisha na juu. Jioni hiyo mpishi alitufundisha kukunja sambusa, jina lake likiwa limekaa juu ya vidole vyake na sambusa yenyewe. Kipindi cha mapishi kikawa cha redio.

Kompyuta inayotengeneza hizo astoni nayo ina visirani vyake. Kuna siku inawashwa, inalia pii, pii, pii, kisha kioo cheusi. Kwa kawaida huwa inalalamikia ramu, kile kibao chake cha kumbukumbu. Fundi wetu haangaiki na vitabu: anaichomoa, anasugua meno ya kibao hicho yenye rangi ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli, anapuliza, anarudisha, inawaka. Raba yenyewe ni ya mtoto wa mhasibu, na siku shule zikifunguliwa tunasoma taarifa ya habari kwa wasiwasi.

Siku moja tiba hiyo ilifanyika dakika chache kabla ya saa mbili usiku. Mashine ikaamka, ila orodha ya majina ilikuwa imeruka mstari mmoja. Mkuu wa wilaya akatambulishwa kama mkulima bora wa nyanya, na mkulima akapewa wilaya. Ofisi ya wilaya ilipiga simu usiku uleule. Mkulima hajalalamika mpaka leo.

Lakini hakuna kinachonikosesha usingizi kama pazia la kijani la nyuma ya mtangazaji. Kijani kilichaguliwa kwa sababu kiko mbali na rangi ya ngozi ya binadamu, na vihisi vya kamera hukinasa vizuri kuliko nyekundu au buluu. Kompyuta huambiwa: popote penye kijani, ondoa, weka picha nyingine. Haiulizi kijani hicho ni pazia au ni kitenge. Alikuja dada mmoja kuzungumzia mvua za masika, kitenge chake kijani kibichi, kimeshonwa kikashoneka. Tulipoingia hewani kilibaki kichwa na mikono miwili juu ya ramani, Ziwa Victoria limemjaa kifuani na Mwanza iko pale pa kifungo cha pili. Naye, masikini, akawa anaonyesha Kigoma kwa utulivu mkubwa.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukialikwa studio, vaa chochote ila kijani. Na tukikupigia simu usiku kukuuliza kesho utavaa nini, mweleze mwenzi wako kwamba ni mambo ya pazia.