YAH: MAOMBI YA KAZI YA USHAURI KATIKA FANI YA HIARI

Kwa Wakubwa wa Bustani, Barabara na Sherehe za Kiangazi,
Jiji la Chicago.

Waheshimiwa,

Husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mkazi wenu, huu ni mwaka wa tisa. Kabla ya kuja huku nilikuwa mweka hazina wa kamati za harusi Dar es Salaam. Nimekalia viti vya plastiki Sinza, Tabata na Mbagala, nimejaza madaftari kwa majina na ahadi, nimepiga simu za kukumbushia mpaka watu wakabadilisha laini. Siku moja nilimfuata mtu msibani kumuuliza ile hela yake ya kadi ya double imefikia wapi. Nilisubiri wamalize kuzika. Mimi si mnyama. Nayasema haya ili mjue kwamba anayewaandikia kuhusu mchango wa hiari si mtu wa kubahatisha.

Kiangazi kilichopita nilitembelewa na shangazi yangu kutoka Tanga. Kumshawishi aje kulinigharimu maneno mengi, na mengi kati ya hayo yalikuwa neno moja: bure. Nilimwambia, shangazi, mji huu miezi sita watu wamejifungia kama panya, theluji ikiyeyuka wanatoka wote kwa mpigo, na kuanzia Juni hadi Septemba hakuna wikiendi isiyo na ngoma, na ngoma nyingi hazina kiingilio. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na vyoo?"

Nikamwambia navyo bure.

Niwape kwanza haki yenu. Tamasha la bluzi mnalifanya vizuri. Lilianza 1984, mwaka mmoja baada ya kufariki mwanabluzi Muddy Waters, na hadi leo mtu anaingia kwa miguu yake tu. Tulikwenda Millennium Park, ile bustani iliyokusudiwa kuupokea mwaka 2000 ikafunguliwa 2004, gharama ikiwa imepanda kutoka dola milioni 150 hadi zaidi ya milioni 470. (Mimi niliwahi kuvuka bajeti ya soda kwa kreti nane, nikahojiwa na kamati nzima mpaka saa saba usiku.) Mlinzi alipekua kikapu chetu, akafunua hotipoti, akanusa maharage ya nazi, akatutakia jioni njema. Tukatandika mkeka kwenye nyasi, chini ya ule wavu wa mabomba ya chuma uliobeba spika, na mzee mmoja jukwaani akaanza kupuliza kinanda cha mdomo.

Shangazi amekulia kwenye taarabu. Kwao mpigaji akikugusa hukai; unanyanyuka, unakwenda mbele kwa madaha, unamtunza. Kugeuka tu, nikaona ameshafungua fundo la kanga, katoa noti ya dola tano, kaishika kwa vidole viwili, anateremka kati ya viti akijitikisa taratibu, mkono juu. Watu wakampisha, wengine wakapiga makofi. Kijana wa usalama akamsimamisha hatua chache kabla ya jukwaa na kumweleza kwa adabu kwamba hakuna haja, tamasha ni la bure. Shangazi akarudi na noti yake.

"Nchi gani hii," akaniambia, "mtu akitaka kutoa anakatazwa?"

Nikamwambia asubiri.

Wiki tatu baadaye tulikwenda kwenye tamasha la mtaa mmoja upande wa kaskazini. Mtaa wenyewe siutaji kwa sababu bado napita huko. Barabara ilikuwa imefungwa, harufu ya nyama inakuja mpaka kituo cha treni, na pale pa kuingilia kulikuwa na vizuizi vya chuma vilivyopangwa kama josho la ng'ombe: mnaingia mmoja mmoja, na mwisho wa njia kuna meza. Juu ya meza kibao: MCHANGO WA HIARI, DOLA 10. Nyuma ya meza kijana mwenye mashine ya kadi. Akaiinua mashine na kusema, "Wawili? Ishirini."

"Anasemaje?" shangazi akauliza.

"Anasema tuchangie dola ishirini, kwa hiari."

"Hiari ya nani? Yake au yetu?"

Sikuwa na jibu. Nyuma yetu mstari ulishafika kwenye duka la kona, na mtu mmoja akakohoa. Shangazi akaniagiza nimuulize kijana, tukikataa je? Nikamuuliza. Akasema hamna shida, mnaweza kupita tu. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetangaza kifo redioni, na mwenzake wa pembeni, ambaye alikuwa akimshukuru kila mlipaji kwa kakigelegele, akanyamaza ghafla na kututazama. Nikatoa kadi. Mashine ikaniuliza kama ningependa kuongeza bakshishi juu ya mchango.

"Mbona umelipa?" shangazi akauliza tulipokuwa ndani.

"Kwa hiari, shangazi."

Hapo ndipo utaalamu wangu unapohitajika. Waheshimiwa, naelewa mlivyofungwa mikono: barabara ni ya umma, haikatiwi tiketi, kwa hiyo wafanyabiashara wa mtaa wakitaka kulipa bendi, walinzi na vile vyoo vya plastiki, inabidi waombe. Na nasikia waandaaji wanalalamika kwamba siku hizi wanaopita bila kutoa wamezidi. Wataachaje kuzidi? Mnaichezea aibu kitoto. Aibu haimshiki mtu usiyemjua, ndiyo maana sisi hatumwombi mchango mpita njia. Tunamwomba yule ambaye mama yake anajuana na mama wa bwana harusi. Tunamkabidhi kadi mkononi miezi mitatu kabla, tunaandika ahadi yake wenzake wakisikia, kisha tunamwingiza kwenye kundi la WhatsApp ambalo kila asubuhi linaorodhesha waliotoa na waliobaki, na waliobaki wanawekewa ile mikono miwili ya kuomba. Asiyechanga hafukuzwi mlangoni. Hajui tu ukumbi uko wapi. Hiyo ndiyo hiari iliyokomaa. Yenu bado inaota meno.

Kwa sehemu hii naomba mkataba wa mwaka mmoja, kwa kuanzia.

Kazi yenu ya kikubwa hasa, ambayo mbele yake mimi mwenyewe ni mwanafunzi, iko Grant Park. Mwishoni mwa Julai nilimpeleka shangazi kuona chemchemi ya Buckingham, inayorusha maji pale tangu 1927. Tulikuta uzio. Uzio wa chuma uliovikwa turubai, mrefu kumpita mtu, unakwenda mpaka macho yanachoka. Chemchemi ilikuwa ndani. Shangazi akaweka jicho kwenye upenyo wa turubai, akaona mgongo wa choo cha plastiki.

"Ndiyo hiyo?" akauliza.

Ikabidi nimsimulie historia, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumwonyesha. Kwamba mwaka 1836, mwaka mmoja kabla Chicago haijapewa hadhi ya jiji, wakuu wa mradi wa mfereji waliandika kwenye ramani yao kwamba ukanda huo wa kando ya ziwa ni ardhi ya umma, ubaki wazi milele, bila jengo wala kizuizi cha namna yoyote. Kwamba tajiri mmoja, Aaron Montgomery Ward, aliyepata mali kwa kuuza bidhaa kwa katalogi na posta, alikwenda mahakamani mwaka 1890 kuyatetea maneno hayo, akafungua kesi juu ya kesi kwa miaka ishirini, matajiri wenzake wakamchukia, na mahakama ya juu ya Illinois ikampa haki, hata jumba la makumbusho la Field likatafutiwa kiwanja kingine.

"Akashinda?"

"Akashinda."

Shangazi akaligonga turubai kwa kidole. "Na hili?"

Waheshimiwa, niliwatetea. Nilimwambia uzio si jengo. Ni kweli ramani ilitaja na kizuizi, lakini ramani ni karatasi, na walioiandika hawakujua kwamba siku moja itavumbuliwa wikiendi ya siku nne. Lollapalooza, tamasha la muziki lenye uzio huo, ilipohamia Grant Park mwaka 2005 ilikuja na siku mbili tu. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi mlimpa siku ya tatu mwaka 2006, na 2016 mkamwongezea ya nne. Jembe alilionja 2011, mvua ilipogeuza nyasi kuwa tope na mwandaaji akabeba gharama za kuziotesha upya. Mwaka 2022 meya wa wakati huo, Lori Lightfoot, akapanda jukwaani kutangaza kwamba mgeni atakaa miaka kumi zaidi. Umati ukashangilia, na ulikuwa na haki ya kushangilia, kila mmoja pale alishalipa. Tiketi ya siku nne inapita dola 300, na ipo ya wakubwa inayohesabiwa kwa maelfu. Kwa siku wanaingia watu karibu laki moja.

Sina ugomvi na tiketi. Tiketi ina lugha ya mtu mzima: bei ni hii, unayo ingia, huna rudi nyumbani ukalale. Najua pia kwamba sehemu ya fedha hizo inarudi kutunza bustani. Ombi langu ni dogo. Siku hizo nne, vile vibao vinavyosema bustani ni ya umma navyo vifunikwe turubai, wageni kama shangazi wasichanganyikiwe.

Mengine nayapitia haraka. Douglass Park, magharibi, ambako tangu 2015 matamasha ya tiketi yamekuwa yakizungushia uzio viwanja wanapochezea watoto mpira: nadhani watoto hao bado hawajaelekezwa mahali pa kuandikisha ahadi. Na lile tamasha lenu la chakula, Taste of Chicago, lisilo na kiingilio, lililozaliwa tarehe 4 Julai 1980: mwaka 2023 lilisogezwa kutoka Julai hadi Septemba, mji ukipisha magari ya NASCAR yaje kushindana kuzunguka Grant Park. Siku ya mbio ilinyesha mvua barabara zikawa mito. Sisemi kwamba wapishi walifanya lolote.

Sasa taarifa ya siri. Nasikitika kuripoti upotevu mkubwa wa mapato upande wa kusini. Jumamosi ya pili ya Agosti kuna gwaride la Bud Billiken, lililoanzishwa 1929 na Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakimuuzia gazeti. Linapita barabara ya Martin Luther King mpaka Washington Park, na katika urefu wote huo sikuona meza hata moja ya mchango. Watu walikuwa wamekesha wakishikilia nafasi zao kando ya barabara, na mahema, na majiko ya mkaa, na bibi zao kwenye viti vya kukunja. Mama mmoja, wala hatujuani naye, alimwona shangazi amesimama akamfukuza mwanawe kitini. Sahani ya mbavu ikafika. Shangazi akafungua fundo la kanga, ile dola tano bado imo. Yule mama akausukuma mkono wake, akaangua kicheko, akamwongezea mbavu.

Noti ile nawaarifu ilikoishia. Ilipita bendi ya watoto wa shule, na mbele yake kijana wa kama miaka kumi na miwili anaipiga ngoma kama inamdai. Shangazi akanyanyuka. Akaingia barabarani kwa mwendo uleule, mkono juu, akambandika mtoto noti kwenye paji la uso lililolowa jasho, ikanata. Kijana hakukosa hata pigo moja. Hakuna aliyemzuia mama wa watu. Barabara nzima ilipiga vigelegele, na mimi nawaambia kama mtaalamu: katika saa tano tulizokaa pale, hakuna mtu aliyetuuliza hiari yetu. Naomba jambo hili lishughulikiwe kabla mitaa mingine haijaiga.

Shangazi amesharudi Tanga. Nilidhani alichoondoka nacho ni sweta na chokoleti za wajukuu. Juzi nimepokea kadi ya harusi ya binamu yangu. Mwenyekiti wa kamati ni yeye. Chini ya maneno "mchango wa hiari", ambayo kwetu miaka yote yalitosha kusimama yenyewe, ameongeza mstari: "Kiwango kinachopendekezwa kwa walioko Marekani, dola 300. Ni ya siku nne." Siku hizo amezitaja: kitchen party, sendoff, ndoa, na kuvunja kamati.

Nilimwandikia faragha kumuuliza, nikikataa je? Amenijibu kwamba hamna shida, naweza kupita tu. Jibu hilo ameliweka kwenye kundi la ukoo.

Kwa hiyo ningeomba majibu ya maombi yangu kabla ya tarehe 30.

Wenu mtiifu,
Mweka hazina (mstaafu)

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati, Tanga – kwa taarifa.